Hisa zisizofifia na hisa zetu: tathmini ya Peak Rare Earths kwa mwekezaji mdogo

Kikundi chetu cha kuwekeza hapa Perth kina watu saba, na katibu wake ni mimi. Tangu mwaka 2019 mojawapo ya kazi zangu imekuwa kusoma taarifa za kila robo mwaka za kampuni ya Peak, iliyokuwa imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Australia, kisha kuwaeleza wenzangu kwa Kiswahili cha kueleweka mradi wake wa madini adimu wa Ngualla, huko wilayani Songwe, umefikia wapi na fedha zake zimebaki kiasi gani. Fedha zetu humo hazikuwa nyingi. Wawili kati yetu ni watu wa Mbozi, na nadhani mapenzi ya nyumbani yalichangia kuliko hesabu. Mwaka 2025 kampuni nzima ilinunuliwa na Shenghe Resources ya China na hisa zake zikaondolewa sokoni. Kwa kuwa kitabu kimefungwa, naweza sasa kutathmini bila kushawishi mtu anunue wala auze: hisa yenyewe kama bidhaa kwa mwekezaji mdogo, na taarifa za kampuni kama huduma iliyoambatana nayo.

Nianze na mwamba, kwa maana kwenye mwamba sina neno. Ngualla iko kilomita zipatazo 147 kutoka jiji la Mbeya, upande wa Ziwa Rukwa, na madini yake yamo katika mwamba wa aina ya kabonatiti ambao sehemu yake ya juu imeoza kwa jua na mvua za miaka isiyohesabika, hali inayorahisisha uchimbaji na uchenjuaji. Upembuzi yakinifu wa mwaka 2017 ulitaja akiba ya tani milioni 18.5 zenye wastani wa asilimia 4.80 ya oksidi za madini adimu. Kwa lugha ya kawaida, kila tani ya udongo huo ina kilo 48 za oksidi, na kama moja ya tano ya kilo hizo ni neodimiamu na praseodimiamu, yaani zile mbili zinazotengeneza sumaku zenye nguvu za mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Nyingine zilizobaki, hasa seriamu na lanthanamu, zina wingi mkubwa na thamani ndogo, kwa hiyo msomaji aliyedhani kilo zote 48 ni mali alikuwa amejidanganya.

Jambo lingine zuri la mwamba huo ni uchache wa uraniamu na thoriamu. Umuhimu wake unaonekana ukiutazama mradi wa Kvanefjeld kule Greenland, ambao nao ni wa kampuni ya Australia na nao una Shenghe miongoni mwa wanahisa wake, na ambao ulikwama baada ya bunge la Greenland kupiga marufuku uchimbaji wenye uraniamu mwaka 2021. Ngualla haikuwa na mzigo huo.

Katika kueleza haya yote, taarifa za Peak zilikuwa nzuri, na sehemu ya sifa hiyo ni ya kanuni za JORC, yaani kanuni za Australia za kutangaza kiasi cha madini, ambazo huilazimisha kampuni kutenganisha rasilimali na akiba. Rasilimali ni kile kinachokadiriwa kuwamo ardhini. Akiba ni sehemu ya hicho ambayo imethibitika kuchimbika kwa faida. Kwa Ngualla rasilimali ilikuwa tani milioni 214.4 zenye asilimia 2.15, na akiba ndiyo zile tani milioni 18.5. Ukiona mtu anakunadia kampuni kwa namba kubwa ya kwanza bila kuitaja ya pili, mwombe aitaje. Peak ilizitaja zote mbili kila mara, na katika miaka yote niliyosoma sikuona namba ya mwamba iliyogeuka geuka.

Sasa niingie kwenye muda. Kampuni iligundua utajiri wa Ngualla mwaka 2010. Ilipokamilisha upembuzi yakinifu mwaka 2017, bei ya hisa, mipango na matumaini vyote vilitegemea kitu kimoja, yaani leseni kubwa ya uchimbaji, ambayo kwa sheria ya Tanzania ndiyo inayotakiwa kwa mradi unaozidi dola za Marekani milioni 100. Julai mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria mpya za rasilimali na kuzifanyia marekebisho zile za madini, zikaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kila mgodi wa namna hiyo, bila kulipia na bila hisa hizo kufifishwa, yaani bila asilimia hiyo kupungua hisa mpya zinapotolewa. Baraza la Mawaziri liliridhia leseni mwaka 2021. Mkataba na serikali ulitiwa saini Dodoma tarehe 17 Aprili 2023, siku moja na mikataba ya kampuni mbili za madini ya kinywe, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, na leseni ikatolewa mwezi huohuo. Kuanzia upembuzi hadi leseni ilikuwa miaka sita. Mkoa wa Songwe wenyewe ulizaliwa mwaka 2016, kwa hiyo mradi huu umeanza ukiwa Mbeya na ukakuta umehamia mkoa mwingine bila kusogea hata hatua.

Nina shemeji yangu Mkwajuni, makao makuu ya wilaya, ambaye kila tukizungumza kwenye simu, baada ya habari za nyumbani na za mvua, huuliza swali moja: "Shemeji, mgodi unaanza lini?" Kwa miaka yote hiyo nilimjibu kwa maneno niliyoyakuta kwenye taarifa: mazungumzo yanaendelea vizuri. Si uongo, maana taarifa zilieleza kila kikao na kila barua, lakini maneno hayo yalirudiwa robo baada ya robo hadi yakaisha ladha. Hapa kampuni ilikuwa mkweli kwa tarehe zilizopita na mkarimu mno kwa tarehe zijazo. Kama Mtanzania naziunga mkono zile asilimia 16, tena naona zilichelewa kuja. Ila kama katibu wa watu saba wenye vidola vyao, nilihesabu miezi.

Na miezi inakula fedha. Hili ndilo jambo ambalo mwekezaji mdogo wa madini halielewi mapema, na ndilo ningependa kulikalia. Kampuni ya utafutaji haina inachouza. Haina mauzo, haina faida, na mshahara wa mkurugenzi, kodi ya ofisi, ada za wanasheria na safari za Dodoma vyote hulipwa kwa fedha za wanahisa. Soko la Australia huzitaka kampuni za aina hii ziwasilishe ndani ya mwezi mmoja baada ya kila robo mwaka jedwali linaloitwa Kiambatisho 5B, ambalo hukaa mwishoni mwa taarifa, baada ya picha za mitambo ya kuchoronga, mawaziri na watoto wa shule waliopewa madawati. Sehemu ya 8 ya jedwali hilo inachukua fedha zilizopo, inazigawanya kwa matumizi ya robo iliyopita, na kutoa namba moja: kampuni ina fedha za robo ngapi. Namba hiyo ikishuka chini ya 2, kampuni inalazimika kujibu hapohapo kwa maandishi kama inategemea kuendelea na matumizi hayo, imechukua hatua gani za kupata fedha nyingine, na kama inaamini itaweza kuendelea na shughuli zake.

Mimi nilianza kusoma taarifa kuanzia juu kama gazeti. Baada ya mwaka mmoja nikajifunza kuanzia ukurasa wa mwisho. Sehemu ya 8 ikikaribia 2, jua kwamba asubuhi moja utafungua simu na kukuta mauzo ya hisa yamesitishwa kwa muda, na ndani ya siku mbili za soko litatoka tangazo kwamba wawekezaji wakubwa wameuziwa hisa mpya kwa bei ya chini kuliko ya jana. Kanuni za soko huiruhusu kampuni kutoa hisa mpya hadi asilimia 15 ya zilizopo ndani ya miezi 12 bila kuwauliza wanahisa, na kampuni ndogo ikiombea kibali kwenye mkutano mkuu huongezewa asilimia 10 nyingine. Chai ni ileile, sukari ni ileile, maji yanaongezwa, na kikombe chako kinabaki kikombe kimoja.

Ndiyo maana neno la sheria ya mwaka 2017, kufifishwa, limekaa vizuri mno. Katika Mamba Minerals, kampuni ya ubia iliyoundwa kwa ajili ya Ngualla, serikali ina asilimia 16 zisizofifishwa, na Peak ilikuwa na 84. Fedha zote zilizohitajika kuuvusha mradi zilitoka upande wa zile 84, na upande huo ndiko tulikokaa sisi wadogo. Wakati wa kusubiri tulikuwa tukififia humo taratibu, kwa haki kabisa na kwa mujibu wa sheria. Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni kwamba kampuni ilifikia kuwa na hisa nyingi kiasi cha kuunganisha kila hisa kumi kuwa moja. Kuunganisha si wizi. Thamani inabaki ileile. Lakini ni kama mtu kufuta sifuri moja kwenye daftari ili ukurasa usionekane umejaa.

Wadogo huwekewa mlango wao wa kuingia kwenye hisa mpya, yaani mpango wa ununuzi ambao sheria ya Australia inauwekea kikomo cha dola 30,000 za Australia kwa kila mwanahisa katika miezi 12. Kwetu kikomo hicho hakikuwa tatizo, maana hatukukikaribia hata kwa ndoto. Tatizo ni anwani. Kwa kawaida nafasi hizi hutolewa kwa wenye anwani za Australia na New Zealand tu, kwa sababu kampuni haitaki gharama ya kutimiza sheria za nchi nyingine. Mwenzetu mmoja alipohamia Muscat kikazi, alifungiwa nje ya nafasi kama hiyo katika kampuni nyingine ambayo siitaji, akabaki kushika hisa zinazofifia bila njia ya kuziongeza. Mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Dubai anayefikiria hisa za namna hii alijue hilo kabla ya kulijua pengo la bei.

Kwenye dalali pia kuna somo, na hapa tuliumia wenyewe. Tulianza na programu ya simu ya bei nafuu, ambayo nayo sitaitaja, na tukafurahia ada yake ndogo. Ununuzi wa kwanza wa hisa yoyote katika soko hili hauwezi kuwa chini ya dola 500, na sisi tuliweka kiasi kilichozidi hicho kidogo tu. Ilituchukua muda kugundua kwamba hisa hazikuwa kwa jina letu, bali kwa jina la mtunzaji anayeshika hisa za maelfu ya wateja kwa pamoja. Barua za kampuni hazikutufikia, fomu ya kupiga kura haikutufikia, na tulipoandika kuuliza kuhusu mpango wa ununuzi tulijibiwa baada ya dirisha kufungwa. Tukahamia kwa dalali anayesajili hisa kwa jina la mteja. Siku bahasha ilipofika kwa posta ikiwa na namba yetu ya usajili wa hisa, ile inayoanza na herufi X, mwenyekiti wetu aliipiga picha na kuituma kwa wote kana kwamba ni cheti cha ndoa. Ada ilikuwa kubwa zaidi, na ilistahili.

Mpango wa mwanzo wa Peak ulikuwa kuchimba na kutengeneza makinikia Ngualla, kisha kuyasafirisha hadi Teesside, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwenye kiwanda cha kutenganisha oksidi moja moja. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wa kupendeza, kwa kuwa utenganishaji ndiko kuliko na thamani na China ndiyo inayoutawala. Lakini kiwanda cha namna hiyo hakipati mkopo kwa uzuri wa michoro. Australia yenyewe, ilipotaka kampuni ya Iluka ijenge kiwanda chake cha kutenganisha huko Eneabba, serikali iliikopesha dola za Australia bilioni 1.25 mwaka 2022 na kuongeza milioni 400 mwishoni mwa 2024. Lynas, kampuni nyingine ya Australia ya madini adimu, ambayo leo inatajwa kama mfano wa mafanikio, ilivushwa na mkopo wa Wajapani wa dola za Marekani milioni 250, na deni hilo likarekebishwa masharti lilipoelekea kuizamisha. Peak haikuwa na serikali ya kuishika mkono namna hiyo, na mpango wa Teesside ukabaki pembeni.

Mfuko wa uwekezaji wa Appian, uliokuwa mdau mkubwa tangu awali pamoja na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalowekeza katika kampuni binafsi, uliuza sehemu yake kwa Shenghe mwaka 2022, na Shenghe ikakaa chini kidogo ya asilimia 20, mahali ambapo sheria ya Australia haijaanza kumlazimisha mtu kutoa ofa kwa wengine. Mwaka 2023 ukaja mkataba wa Shenghe kununua makinikia yote ya Ngualla kwa miaka 7 ya mwanzo. Tangazo lilisomeka kama ushindi, na kwa mwenye kutafuta mkopo lilikuwa ushindi kweli, maana hakuna mkopeshaji anayetoa fedha kwa mgodi usio na mnunuzi. Mimi nililisoma nikawakumbuka wakulima wa karafuu wa Pemba. Wanaijua vizuri hali ya kuwa na mnunuzi mmoja: bei utatangaziwa. Hapa mnunuzi mmoja alikuwa pia mwanahisa mkubwa, na alikuwa kwenye mazungumzo ya kuingiza fedha na kujenga. Katika taarifa ya robo ile niliwaandikia wenzangu kwamba tusubiri ofa, na kwamba haitakuja wakati bei iko juu.

Bei yenyewe ilifanya ilichofanya. Oksidi ya neodimiamu na praseodimiamu ilifika kama dola za Marekani 150 kwa kilo mwanzoni mwa 2022, ikashuka hadi karibu 50 kufikia 2024. Mradi uliokuwa unapendeza kwa bei ya kwanza ulianza kuonekana wa kawaida kwa bei ya pili, na hisa ikafuata. Taarifa za Peak ziliweka wazi bei zilizotumika katika mahesabu yake, ila ziliegemea zaidi makadirio ya miaka ijayo kuliko bei ya siku ile, na msomaji asiyezoea angedhani faida ile imekwisha kupatikana. Hapo naipunguzia alama.

Ofa ya Shenghe ilikuja Mei 2025: dola za Australia milioni 150.5, sawa na senti 35.9 kwa hisa ambayo siku ya mwisho sokoni ilikuwa senti 12. Kabla hatujamaliza kushangaa, mwekezaji wa Marekani, General Innovation Capital Partners, akajitokeza na milioni 240. Ilikuwa ni miezi ileile ambayo China ilikuwa imebana usafirishaji wa baadhi ya madini adimu, na serikali ya Marekani ikaihakikishia MP Materials, mchimbaji wa madini adimu wa California, bei isiyopungua dola za Marekani 110 kwa kilo. Bodi ya Peak haikushawishika kwamba ofa ya Mmarekani ingetimia, Shenghe ikapandisha dau lake, na Septemba wanahisa wakaridhia. Kura ya namna hii hudai asilimia 75 ya hisa zilizopigiwa kura, na pia wengi wa wanahisa waliopiga kura kwa kuhesabu vichwa, kisha mahakama. Kwenye vichwa ndipo mdogo ana uzito sawa na mkubwa, na ndipo nilipofurahia ile bahasha ya herufi X.

Niseme wazi kwamba kitabu cha maelezo kilichotumwa kabla ya kura ndicho kilikuwa kazi bora ya mawasiliano ya kampuni hiyo. Kilikuwa kinene, kilikuwa na maoni ya mtathmini huru, na kilieleza hata yale yasiyoipendeza bodi, ikiwemo nini kingetokea kama kura ingekataliwa na fedha zingetafutwa wapi. Laiti taarifa za robo mwaka zingeandikwa kwa ukweli wa namna ile tangu 2017.

Je, ilikuwa bidhaa nzuri kwa mwekezaji mdogo? Kwa aliyeingia kwa senti 12, ndiyo, na kwa dau lile lililopandishwa aliondoka na zaidi ya mara tatu ya alichoweka. Kwa aliyekuwemo tangu kabla ya hisa kumi kuwa moja, senti 35.9 za ofa ya kwanza ni sawa na senti 3.59 kwa kila hisa yake ya zamani, na dau la mwisho lilizidi hapo, na ajifanyie hesabu mwenyewe. Kama huduma ya taarifa kuhusu mwamba naipa alama za juu; kuhusu muda, za chini; kuhusu fedha, jedwali lilisema kila kitu kwa anayelisoma. Wanaonitumia ujumbe kuniuliza kuhusu kampuni za Malawi, ambako mradi wa madini adimu wa Kangankunde umeanza kupata fedha na mnunuzi, nawajibu kwa maswali matatu: fedha za robo ngapi zimebaki, makinikia yanauzwa kwa nani, na nani ana hisa zisizofifishwa. Ubora wa mwamba nauuliza mwisho, kwa sababu miamba mibaya huwa haifiki hatua hiyo.

Kwetu sisi saba, fedha ziliingia kwenye akaunti, mhazini akazigawa, na kazi yangu ya kusoma ikaisha. Taarifa za robo mwaka za Ngualla hazitolewi tena Australia. Shenghe inatoa zake Shanghai, kwa Kichina. Juzi nilimpigia shemeji Mkwajuni, na baada ya habari za nyumbani na za mvua, mimi ndiye niliyeuliza mgodi unaanza lini.